Kodi ya Saba

Mabela, ghorofa ya pili, juu ya dobi.
Kinanda nilikipata Ruwi, mkono wa pili;
kibao cha la kina alama za meno ya mtoto wa watu.
Mwalimu Kiondo huja Jumanne, kabla ya zamu yake hotelini,
huvua viatu, hunywa kahawa vikombe viwili, huketi.

"Leo kodi ya saba," akasema,
na tumbo likanikata:
mwenye nyumba ya sita bado ananidai.

"Anza na so. Ruka la, shika ti.
Ruka do, shika re."
Hapo wametosha, watatu,
wamekaa kama jamaa waliokwisha kula.
"Ruka mi. Mtie fa."
Mara chumbani mna mtu amesimama mlangoni,
hajasema anataka nini.

"Huyo ndiye wa saba kutoka so. Hatulii. Anataka kushuka.
Haya, sasa tuipindue."

Chumba cha pili, kijiko cha Mama kikakoma kikombeni.
Neno hilo kwetu halitamkwi.
Husemwa "siku zile", husemwa "tulipoondoka",
au haisemwi kitu, huongezwa sukari.

Mwalimu hana habari. Mtu wa Tanga, kazaliwa juzi.
"Mpinduo wa kwanza: so wa chini mpandishe juu,
ti abebe mzigo.
Wa pili: ti naye apande, abebe re.
Wa tatu: huyu fa wako wa mlangoni
sasa ndiye msingi.
Hesabu. Si wale wale wanne?
Hakufukuzwa mtu."

Nikahesabu. Fa, so, ti, re.
Nikahesabu tena, kwa sauti,
ili isikike upande wa pili wa ukuta.

"Mwachie ashuke."
Fa akateleza nusu hatua, akawa mi.
Ti akapanda kwa do, re akashuka kwa do,
so hakujisumbua.
Tulikuwa tumefika. Ila do, mwenye mji,
alikuwa juu huko darini,
na nyumba nzima imesimama juu ya mi.

"Hapo ndipo nyumbani?"
Mama, mlangoni, kijiko bado mkononi.

"Ndipo, mama. Ila mtu hapo
hakai kwa uzito wake wote."

Chini, pasi ya dobi ikatoa mvuke.
Mama akavuta kiti, akakikalia ukingoni.
"Irudie," akasema. "Hiyo…
hiyo iliyopinduliwa."