Mafuta

Kipimajoto cha baba kilipasuka wiki ile tuliyomzika.
Zebaki ilikimbilia nyufa za saruji, hatukuiona tena,
na mama, Gudrun wa Salling, hakununua kingine.
"Nguruwe wenyewe watasema," alisema,
akafunga koti kwa kamba ya kufungia mabua.

Na kweli walisema.
Alfajiri ya Januari, theluji imefika madirishani,
alisimama mlangoni mwa banda, akawamulika mara moja tu:
wamelala mmoja juu ya mwenzake,
miguu wameikunja chini ya matumbo,
rundo moja lenye masikio themanini.
"Baridi," alisema. "Shayiri yangu inaungua."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nami nilijua kinachoungua ni mafuta ya tangi,
yale aliyotuletea Aksel na lori lake,
akitazama pembeni mama alipohesabu krone.

Akanieleza mezani, kwa kijiko na bakuli la uji.
Kijiko cha kwanza nguruwe anajipasha nacho.
Cha pili, vilevile.
Cha tatu, kama upepo wa magharibi umelala,
ndicho kinachokuwa paja.
"Anakula kuliko jana na haongezeki.
Mimi namlisha yeye, yeye anaulisha upepo."

Basi mafuta ya tangi au mafuta ya mgongo?
Pesa zilikuwa za kimoja.
Mama alizima jiko la nyumbani saa mbili usiku,
tukala na kofia kichwani,
ili kule bandani, nyuma ya ukuta uliozibwa magunia,
iwe nyuzi kumi na nane, au kumi na tisa,
nani ajuaye,
ilimradi rundo lifumuke
na kila mmoja alale ubavu, akimgusa jirani kidogo tu,
kama watu wa benchi moja kanisani.

Karatasi ya machinjio ilikuja kwa posta siku za Alhamisi.
Uzito wa mzoga. Unene wa mafuta, kwa milimita. Asilimia ya mnofu.
Mama aliisoma amesimama,
na pembeni, kwa penseli, akaandika: siku kumi na sita zimepotea.

Kisha Julai, ghuba imetulia kama bati.
Sasa walitengana, kila mmoja na kona yake,
wakihema midomo wazi,
wakigaagaa kwenye uchafu wanaoukimbia siku nyingine,
maana nguruwe hana jasho; jasho lilikuwa letu.
Hori lilibaki limejaa hadi adhuhuri, chakula kikachacha.
Niliwanyunyizia maji mabegani kwa mkebe uliotobolewa,
na usiku wa manane, ubaridi uliporudi,
tukawalisha, tochi nimeing'ata menoni.
Hata hivyo karatasi ilisema: wepesi.
Mgongo mwembamba, paja dogo.
Penseli haikuandika kitu.

Majira ya baridi yaliyofuata alikuja bwana Bodilsen wa ushirika,
kipimo kipya mkononi, bado kina bei yake.
Akapima bandani, chini, usawa wa pua ya nguruwe, kama inavyopasa.
Kumi na tisa na nusu.
"Umejuaje?" aliuliza.
Mama akamwonyesha kwa kidevu: waliolala.

Alikaribishwa kahawa.
Aliingia jikoni kipimo kingali mkononi,
akakitupia jicho kwa mazoea tu,
akakitia mfukoni haraka.
Nilikuwa nimeshaona. Tisa.
Alikunywa kahawa bila kuvua glavu
na akasifu sana keki, ambayo ilikuwa ya juzi.

Usiku ule mama aliniita kitandani kwake,
upande ambao tangu msiba haukulaliwa.
Mgongo wake ulikuwa mfupa mtupu.
Nikakunja miguu chini ya tumbo, naye akakunja yake.
Nje upepo ulikuwa ukila kitu gizani.
Hapakuwa na mtu wa kutumulika.