Vinara vya Makoroboi

Fundi Lufungulo, pale Makoroboi,
aliniuliza bila kuinua macho:
"Vya ukutani au vya kusimama?"
Nikasema vyote.
Akacheka, yeye na mkasi wake wa bati,
akalichana kopo la maziwa ya unga,
akalitoboa kwa msumari, tundu baada ya tundu:
ua, jani, samaki mwenye jicho moja.
"Marehemu baba alifua koroboi
kwa sababu watu hawakuwa na taa.
Wewe umeme unao.
Giza unalitakia nini?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na elfu kumi na mbili, nikampa,
akanifungia vinne kwenye gazeti.

Chumba changu kiko Igogo, juu kabisa,
nyumba ilipoegemea jabali
kama mtu anayeumwa kiuno.
Jabali lenyewe limeingia ndani kidogo,
kando ya kitanda. Mwenye nyumba
alishindwa kulipasua, akapunguza kodi.
Juu yake nikapanga:
samaki mbele, ua nyuma,
chupa ya soda yenye nta iliyomtiririka shingoni,
sahani ya udongo na mishumaa mitatu
mifupi, minene kama vidole gumba.
Nikazima taa.

Ukuta wa chokaa ukavaa kitenge.
Samaki akaogelea hadi kwenye mabati,
akajigawa, wakawa kundi.
Na jiwe, mpangaji mwenzangu wa miaka miwili,
nikaliona linapumua.

"Nkwimba! Luku imeisha?"
Mama Shija, dirishani.
Haijaisha.
"Kuna msiba?"
Hakuna.
"Sasa unaombea nini?"

Alhamisi mama akaja na meli ya Nansio,
na ndoo ya mihogo, na goti lake.
*Mwadila, mayu.* Akaketi. Akatazama.
Halafu akainuka akaizima, mmoja mmoja,
si kwa pumzi, kwa vidole alivyovilowesha mate,
taratibu, kama anayemfungia vifungo
mtoto aliyekwisha kulala.
"Unateketeza."

Ni pambo, mama.
"Pambo."
Akaligeuzageuza neno mdomoni
kama mtu aliyehisi mwiba ndani ya sato.
"Sisi mshumaa mmoja tuliukata mara tatu.
Kipande cha jikoni.
Kipande cha mgonjwa.
Cha tatu tulikizika kwenye mtungi wa mtama,
hicho ni cha mkunga, hakiguswi
hata nyoka akiingia ndani.
Wewe ulitokea kwenye cha tatu.
Kilikuwa kimebaki kama ukucha
ulipolia."

Nilitaka kusema kitu. Nikaosha vyombo.

Usiku mvua ikaja na umeme ukaenda,
mlima mzima, Igogo, Mabatini,
isipokuwa Bugando na jenereta lake.
Nikapapasa kiberiti.
"Acha," sauti yake gizani.
"Hilo pambo. Usilitumie."

Tukakaa hivyo hivyo.
Maji yalishuka kati ya mawe yakigombana,
vijidudu vya ziwa, vilivyokosa taa ya kufia,
vilitutua usoni, kwenye chai, kwenye nywele.
Mama ndiye aliyeanza kucheka.
Nikamfuata, nikapaliwa,
akanipiga mgongoni kwa kiganja
akilikosa bega, akilipata jiwe,
akiliomba jiwe samahani.

Jumapili nikamsindikiza bandarini.
Niliporudi, jabali lilikuwa limefutwa,
nta imebanduliwa pamoja na mbawa
ndogondogo zilizoganda ndani yake.
Samaki kageuzwa, anatazama mlango.
Na mshumaa mpya, ule mrefu niliouwekea Krismasi,
umekatwa kwa kisu cha mihogo.
Kimoja karibu na jiko.
Kimoja kando ya mto wangu.
Cha tatu kimesimama ndani ya kazi ya Lufungulo,
wima, utambi mweupe, hakijaonja moto.

Kiberiti kaondoka nacho.