Buluu ni ya Dola

Gereji yangu ipo Wadi Kabir, mlango wa tatu
baada ya muuza matairi. Mimi ni fundi umeme.
Nabandika taa. Na kubandua nabandua.
Koleo ni lile lile, bei ni mbili.

Muhanna huja kila mwaka, siku moja kabla ya ukaguzi,
gari lake jeupe likielea juu ya zambarau
kana kwamba lami imemwagiwa sharubati ya zabibu.
"Livue," ananiambia, "kesho nataka kuonekana mwana wa watu."
Naingia chini, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa,
nachambua nyaya kama mtu anayetoa miba ya samaki.
Keshokutwa anarudi na cheti, muhuri haujakauka:
"Haya, livishe."

Sheria naijua kwa vidole. Sikuisoma, nimeigusa.
Nyeupe ni ya mbele, ya anayekuja.
Nyekundu ni ya nyuma, ya aliyekwisha kupita.
Ya chungwa ni ya mwenye nia: nakata kulia, niachie.
Buluu ni ya dola, usiichezee hata kwa mzaha,
maana mtu akiiona kwenye kioo chake
moyo huanza kutafuta leseni kabla ya mkono.
Zilizobaki, kijani, waridi, zambarau,
hazina kazi barabarani,
na kisicho na kazi barabarani ni kosa.

Nilikuwa nacheka. Mpaka alipokuja Riyasat
akisukuma pikipiki, hakuipanda,
sanduku la chakula nyuma
na ukanda wa taa za kijani umelizunguka lote.
Karatasi ya faini ameikunja mara nne, ndogo kama hirizi.
Siku mbili za kazi, na nusu.
"Ustadhi, huu si urembo."
Kiarabu chake cha kuokota; changu nilikianza
nina miaka tisa, na nyumbani ni Kiswahili hadi leo,
basi tulielewana vizuri,
kila mmoja akimsubiri mwenzake atafute neno.
"Barabara ya mlimani, ile ya Amirat, usiku. Malori ya kokoto.
Rafiki yangu Tufail hakuwa na taa."
Hakumalizia. Sikumwuliza.

Askari naye, tuseme kweli, hakuwa mbaya.
Alimpa maji ya baridi. Kisha akamwandikia.
Kwenye fomu hakuna mahali pa kuweka alama:
huyu anajipamba,
huyu anaogopa.

Nikabandua. Gundi ilikuwa imelainika kwa joto la Julai,
ikavutika kama halua isiyoiva,
na kwenye sanduku ikabaki njia ya konokono.
Pesa nilikataa. Akaziacha chini ya bisibisi.
Nikambandikia tepe ya fedha, ile ya kuakisi, halali kabisa:
haina waya, haina betri,
inangoja taa ya mwenzio iifikie
ndipo iseme, nipo.
Akaitazama. Akanitazama.
"Na mwenzangu akiwa anatazama simu?"

Fundi umeme hana jibu la hilo.

Ukanda wa kijani niliupeleka nyumbani.
Mama ana miaka themanini na moja, huamka usiku kwenda msalani,
nikaubandika chini ya ukuta wa korido.
Akanipigia kelele: "Msellem! Umenigeuzia nyumba ukumbi wa harusi!"
Lakini hakusema niuondoe.
Usiku nausikia mkongojo wake ukiifuata kijani,
tok, tok, mpaka mlangoni, na kurudi.
Nyumbani hakuna trafiki.

Nami sasa, nikitoka kwa dada yangu Amirat,
kila pikipiki nainulia taa kidogo, kosa jingine hilo,
natafuta fedha yangu kwenye sanduku.
Upande wa kushoto niliibandika mshazari, mkono ulitetemeka,
kwa hiyo nikiiona nitaijua.