Pima Maji

Chombo changu kinaitwa pima maji:
kipande cha bati, kijichupa cha kioo,
na povu moja dogo linalotafuta kati.
Miaka kumi na tisa nimekilaza juu ya kuta za watu,
Mtwapa hadi Mikindani,
nikasema "sawa," na ukuta ukawa sawa.
Maji yenyewe sikuwahi kuyapima.

Kiembeni, nyuma ya machimbo ya zamani,
walikuja na tingatinga mwezi wa pili.
Palikuwa na bonde, si bonde la kutajika,
mbonyeo tu, kama alama ya kichwa kwenye mto wa kulalia,
pameota ukindu na minazi miwili mikongwe.
Watoto wa pale walipaita Kwa Vyura.
Kwenye ramani pakaandikwa Awamu ya Pili.
Nyumba thelathini na sita, geti,
kabro kutoka ukuta hadi ukuta,
hata mchwa hakubakishiwa tundu.

Injinia Kithome alichora karavati la sentimita tisini.
Mchoro niliuona, niliushika, una doa la chai yangu.
Kisha tajiri akaja, na lori likashusha ya arubaini na tano.
"Fundi, mvua ya siku hizi ni ya kuhesabu matone."
Nikacheka.
Ilikuwa Jumamosi, siku ya malipo.
Nikayalaza, nikaziba viungo kwa simiti safi,
nikaweka pima maji juu:
povu likaegemea upande wa juu, nusu mstari,
mteremko kama utakiwavyo.
Kazi safi
ya kitu kisichotosha.

Mvua ya mwaka ikaja na nguvu zake mwezi wa Mei,
usiku wa kuamkia Ijumaa.
Zamani, ikinyesha pale, ilikuwa na makawio:
ikishika majani, ikizama mchangani,
jiwe la matumbawe likiinywa taratibu
kama mtu anywavyo kahawa chungu.
Sasa mapaa thelathini na sita yakaitema kwa pamoja,
kabro ikaipokea, ikaisukuma,
ikafika kwenye mdomo wa karavati langu
ikakuta tundu la sindano, nayo ni kamba ya meli.
Ikageuka.
Maji hayapandi mlima, ni kweli,
lakini ukuta huyaonyesha nyumba ya jirani.

Bi Mejumaa anakaa chini ya ukuta huo,
nyumba ya udongo na chokaa,
tangu mumewe akiwa kuli bandarini.
Nilimkuta asubuhi anakamua godoro.
Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Alinishika mkono hadi nyuma ya mlango,
akanionyesha mistari ya makaa ukutani:
huu wa mwaka wa Elnino, kifundoni;
huu wa mwaka aliozaliwa Tima, chini yake kidogo;
na mmoja mbichi, karibu na kitasa.
"Hebu weka hicho chako," akasema,
"uniambie kama nimeuchora sawa."

Nikakilaza. Povu likaenda kati, likatulia.
Hakuna ukuta niliojenga
ulio sawa kama mstari ule.

Kamati ya wakazi hukutana Jumapili chini ya hema.
Wao wasema ni jambo la kaunti.
Kaunti wasema ni jambo la mjenzi.
Tajiri ana mradi mwingine Shanzu,
simu yake inaita, inaita.
Mimi nimeng'oa kabro, mita sita,
mbele ya nyumba nambari kumi na nne,
kwa ruhusa ya mwenyewe, Mwalimu Nyale.
Nimechimba mpaka nikagonga jiwe, nikajaza kokoto,
na jana nikamwaga debe zima.
Nikahesabu. Sijafika thelathini, yameshaingia.
Debe moja.
Awamu ya Pili ni ekari tatu.

Vuli haijafika.
Bi Mejumaa ameniazima kipande chake cha kaa.
Kimo mfukoni mwangu, pamoja na penseli ya kazi,
na kila niingizapo mkono
vidole vinatoka vyeusi.