Jicho la Shazia

Kwetu Uvinza hatuna meza.
Kuna gunia la chumvi lililokaa wima,
juu yake taa ya sola na daftari la Leokadia.
Pembeni mimi nashona: magunia hamsini kwa siku,
mdomo kwa mdomo, uzi wa katani,
na shazia iliyokwisha kunipinda kidole.

Miezi minne mwanangu alikuwa bubu.
Darasa la saba alibishana hata na redio.
Kidato cha kwanza wakambadilishia lugha
kama wanavyobadilisha kichwa cha treni pale stesheni,
mabehewa yakabaki yanatazamana.
Akinong'ona Kiswahili wanamvika kibao shingoni,
kimechorwa punda.
Siku ya tatu nilikitia jikoni.
Maharage yaliiva.

Halafu akaja Mwalimu Ruhuza, kijana wa Buhigwe,
kiatu kimoja kimeshikizwa kwa waya.
Vitabu havikuwapo, naye hakuvililia.
Alichora miraba ubaoni, mitupu,
kama vyumba vya nyumba isiyohamiwa,
akasema kila herufi ina chumba chake, itafutieni.
Na kila Jumatatu aliwapa fumbo la kwenda nalo nyumbani.

"Mama, kina jicho, hakioni."

"Anza na kitendawili, kwanza."

"Wao hawana hiyo, mama. Wanaanza tu."

Watu gani hawa, wanaingia bila hodi!
Nikaitika hivyohivyo, adabu yangu isipotee:
Tega.

Nikataja mlevi. Nikataja kiazi.
Nikamtaja mwenyekiti wa kitongoji,
akacheka, mara ya kwanza tangu Januari.
Hapana, akasema, hapana, hapana.
Jibu hata yeye hakuwa nalo,
ila kukataa alikujua,
na alinikatalia kwa Kiingereza.

Usingizi ukamchukua juu ya daftari.
Treni ya mizigo ikapita, bati likatetemeka.
Nililowesha ncha ya uzi kwa ulimi,
nikalenga, nikakosa,
nikalenga,

nikasita.

Sisi tunaliita tundu.
Miaka kumi na tisa nalipitisha uzi
na sijawahi kufikiri kwamba linanitazama.

Sikumwamsha.
Niliichomeka shazia kwenye karatasi,
palepale penye mraba wa kwanza,
nikazima taa.

Asubuhi hakuniuliza kitu.
Alihesabu vyumba kwa kidole: sita.
Akaingiza herufi moja moja, akizisukuma kama mbuzi wakaidi.
"Huyu wa mwisho hana sauti, mama,
lakini usipomwingiza, mlango unabaki wazi."
Akaniachia neno lenyewe nilitamke.
Nido, nikasema. Nido.
Siku nzima kiwandani nilikuwa nalo mdomoni
kama kokwa ya tende,
wenzangu wakadhani nasali.

Jumatatu iliyofuata nikamtuma na changu,
akakigeuze mwenyewe awezavyo:
nimezaliwa na maji,
mama akinikumbatia nakufa.

Alirudi mbio, soksi moja imeshuka.
"Kipindi kizima, mama!
Mwalimu alisema barafu. Tukamkatalia.
Enosi, yule asiyefungua kinywa hata akikanyagwa,
alipanda juu ya dawati, akasema samaki,
akatoa na sababu, imevunjikavunjika lakini ya Kiingereza,
Bukuru akampinga, wakapingana,
kengele ikalia na hakuna aliyetoka!"

"Na jibu? Nani alipata?"

"Hakuna."

Shazia ikanianguka.
Watoto wa Uvinza!
Wanaikalia, wanaivaa, inawalipia ada,
upepo ukivuma kutoka kiwandani
wanailamba midomoni mwao wenyewe.

Leokadia alikuwa ameinama,
anavuta soksi taratibu.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema.
"Nilinyamaza ili waendelee kuongea."