Chumba Namba Saba

Kanuni yangu ni moja: soma, usifafanue.
Dakika arobaini za ziada, mlango umefungwa,
nje theluji ya Turku inafuta nyayo za wanafunzi.

Ilpo ana miaka hamsini na mmoja.
Ishirini na minane kati yake aliunga vyuma vya meli;
ufa mwembamba kama unywele
aliujua kwa kugonga na kusikiliza.
Lakini herufi, anasema, hazitulii.
Zinahama kama sisimizi waliomwagiwa maji.
Shuleni walimwita mbumbumbu,
naye akalibeba jina hilo hadi karakana,
pamoja na chakula chake cha mchana.

"Swali la tatu. Rudia."
Narudia.
"Tena. Polepole, kana kwamba na wewe hulijui."
Kwa kweli silijui.

Amefumba macho. Vidole vinapapasa meza
vikitafuta mahali sentensi ilipoungwa vibaya.
Kisha anasimama. Nadhani amekata tamaa.

"Taa hii inalia.
Inalia tangu tulipoingia. Huisikii?"

Miaka tisa nimesimamia chumba hiki.
Miaka tisa nimejaza kwenye fomu:
mtahiniwa hatulii.

Nazima.
Ndipo nausikia mlio wake, umeshakoma.

Mwanga wa theluji dirishani unatosha.
Ilpo anaketi, anakohoa,
anaanza kunitajia jibu,
na kalamu yangu inamkimbilia nyuma, haimfikii.

"Rudia," namwomba.
"Polepole."