Mizani ya Stesheni

Mwaka wa kumi na tisa huu napiga picha uwanjani,
sanamu nyuma ya wateja, jua nyuma yangu.
Nakijua kivuli chake kinavyotambaa
mpaka kwenye ubao wangu wa sampuli:
maharusi wa Kizota, wahitimu wenye joho la kukodi,
mgombea mmoja aliyeshindwa
asirudi kuchukua nakala.

Siku hizi kila kiganja kina simu.
Wanajipiga wenyewe, wanakwenda,
nami nabaki na maji ya chupa
na maelezo yasiyolipiwa:
Bungeni usiinue kamera kabla ya kuuliza;
msikiti ule mkubwa, vua viatu;
kanisa lile lenye kuba, ngoja ibada iishe.

Jumamosi ile upepo ulikuwa wa Agosti,
ule unaotia mchanga
hata ndani ya neno unalolisema.
Akaja bibi mmoja, Nhemela binti Chibago, wa Haneti,
kitenge cha tausi, viatu mkononi.
"Mbukwenyi," akasema. Nikaitika.
"Nataka picha ya kihistoria. Bei gani?"

Nikamsogeza kwenye sanamu. Akatikisa kichwa.
Nikataja Bunge.
"Lile la juzi. Mimi ni dada yake mkubwa."
Nikataja stesheni ya treni ya umeme,
waliyoijenga mfano wa majabali yetu.
Akacheka hadi akashika kiuno:
"Majabali nimeyaacha nyumbani,
tena ya bure."

Basi tukaenda ile ya zamani, ya Mdachi,
kuta nene, madirisha membamba,
chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa.
Hakutazama paa. Hakusoma kibao.
Alipita kama mtu anayetafuta choo
moja kwa moja hadi chumba cha vifurushi,
na huko, nyuma ya magunia ya vitunguu,
mizani:
chuma cheusi, jukwaa la mbao, mkono wa shaba,
namba zimelika kwa vidole vya makarani.

"Hapa," akasema.
"Mwaka wa njaa. Baba ana nauli ya mtu mmoja
na ya mzigo mmoja.
Karani anasema, mtoto ni mtu.
Baba anasema, mpime.
Nikawekwa juu, na ngozi ya mbuzi mabegani.
Karani akasogeza kile kijiwe nyuma,
akakirudisha nyuma,
akakirudisha tena nyuma.
Akaacha kubisha. Akaandika: *mzigo,
ratili ishirini na moja*.
Nilikwenda hadi Morogoro na karatasi shingoni
imefungwa kwa uzi wa katani.
Uzi ulikuwa unawasha. Hilo ndilo ninalolikumbuka,
njaa yenyewe nimeisahau."

Mlinzi alifika na maneno yake,
mali ya serikali, kibali kiko wapi.
Bibi alimtazama tu. Kijana akaanza
kuondoa magunia, moja, moja,
bila kuambiwa.

Akavaa viatu kwanza.
Akapanda.
Mkono wa shaba ukaruka, ukagonga chuma, *ta!*
ukang'ang'ania juu, ukitetemeka,
kama shahidi aliyeitwa baada ya kesi kwisha.

Nilipiga tatu.
Ya kwanza alifumba macho.
Ya pili mlinzi aliingiza kiwiko.
Ya tatu ndiyo hiyo iliyo ubaoni, juu kulia,
kando ya maharusi:
mwanamke mnene, wima, hatabasamu,
mkono mmoja umeshika shingo
mahali ambapo uzi ulipita.

Watu husimama pale, huuliza,
huyu ni kiongozi gani?

Siku ile tulirudi uwanjani kwa miguu,
akanunua zabibu, akanipa nusu ya kishada.
Nilipomtajia bei alifungua pindo la kitenge,
akahesabu polepole, kisha akasita,
uso mkavu kabisa:
"Hiyo ni ya mtu,
au ya mzigo?"

Sikuwa na chenji.